Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kliniki na wodi za wazazi Tanga: Msimwambie mzazi hana chuchu

Kwa waganga wakuu wa halmashauri za mkoa wa Tanga, waratibu wa afya ya uzazi na mtoto, wauguzi na wakunga wa zamu zote, na kila anayepanga nini kifundishwe kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito, kuanzia Mkinga hadi Pangani,



Naandika juu ya chuchu za wanawake: zile bapa, zisizosimama hata zikishikwa, na zile zilizozama ndani ya titi. Najua ni jambo la aibu kulianika hadharani. Kwa kuwa ni la aibu, halitajwi popote, hata pale lilipotakiwa kutajwa, yaani ndani ya chumba cha kliniki na mlango umefungwa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi tunazaa, tena tunazaa mikononi mwenu, kisha tunarudi nyumbani na matiti tuliyoyaficha chini ya khanga na mtoto anayelia njaa.

Siandiki kuwatukana. Nimelala wodini kwenu, nimeuguza wodini kwenu, nimemwona muuguzi mmoja wa usiku akizunguka vitanda vya wodi nzima huku anaitwa chumba cha kujifungulia. Wengi wenu mnafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Malalamiko yangu ni juu ya utaratibu, na utaratibu una wenyewe.

1. "Huna chuchu" si kipimo.

Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine na mawifi waliokuja na chupa za chai. Muuguzi anafunua, anatazama, anatoa hukumu, anahamia kitanda cha pili. Kutazama hakutoshi, na kipimo chenyewe ni cha nusu dakika: kidole gumba na cha shahada vinawekwa kwenye ukingo wa weusi unaozunguka chuchu, vinabonyeza taratibu. Chuchu bapa nyingi zikibonyezwa hivyo hutokeza. Hizo ni bapa kwa macho tu. Nyama yake inavutika, na mtoto akishika vizuri ataivuta mwenyewe. Iliyozama kweli ni ile inayozidi kurudi ndani ikibonyezwa, na za namna hiyo ni chache. Nazo hazilingani: ipo inayotolewa kwa kidole ikabaki nje, ipo inayotoka ikarudi papo hapo, na ipo iliyofungwa kwa ndani isiyotoka kabisa. Wanawake hawa wote mnawapa jina moja na jibu moja.

Mwanamke aliyeambiwa hana chuchu anaondoka akijitafutia kosa. Labda alivaa sidiria ya kubana. Labda alilala kifudifudi. Labda alipovunja ungo hakuyavuta matiti kama wenzake. Hajaambiwa na mtu kwamba wengi wamezaliwa hivyo: mirija ya maziwa ni mifupi, au nyuzi zinazoishikilia chuchu kwa ndani zimekaza na kuivuta, na mara nyingi ukiuliza utakuta mama yake au dada yake naye yuko vivyo hivyo. Hajaambiwa pia kwamba mimba yenyewe hubadilisha mambo, kwamba chuchu iliyolala mwezi wa nne yaweza kuwa imesimama mwezi wa tisa. Wengine wana makovu: jipu la titi lililopasuliwa kwenye uzazi uliopita, upasuaji, au uji wa moto uliomwagikia kifua akiwa mtoto anayetambaa karibu na mafiga.

Ipo na sababu inayotokea mikononi mwenu. Mama aliyetundikiwa chupa nyingi za dripu wakati wa uchungu huweza kuvimba miguu, na matiti nayo hayaachwi. Weusi unajaa maji, chuchu inalala. Siku ya tatu maziwa yakishuka kwa wingi titi linakaza, na chuchu iliyokuwapo jana leo haionekani. Dripu hiyo huenda ndiyo iliyomwokoa, sibishani nayo. Nabishana na kumwita mama huyu mwenye kasoro ya maumbile, wakati dawa yake ni kubonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka shina la chuchu kwa dakika moja hivi ili maji yarudi nyuma, kukamua kidogo mpaka weusi ulainike, ndipo mtoto awekwe titini. Hakuna kifaa cha kuagiza hapo. Ni vidole na mtu wa kuonyesha.

2. Waja leo waondoka leo.

Mji wetu ulipewa sifa hiyo kwa ajili ya wageni wa zamani. Sasa imekuwa ratiba ya wodi. Mzazi aliyejifungua bila shida analala usiku mmoja, kesho yake anafunga mzigo. Maziwa yanashuka kwa wingi kati ya siku ya pili na ya nne, kwa hiyo tatizo linajitokeza akiwa keshafika Duga au Mabokweni, mbele ya mama mkwe, hana wa kumuuliza.

Binti wa kaka yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza kwenye kituo ambacho sitakitaja. Aliambiwa yale maneno mawili, akaruhusiwa. Nilipofika kwake matiti yalikuwa yamekaza mpaka ngozi inang'aa, mtoto amelala kwa kuchoka kulia, na juu ya kabati pamewekwa chupa na kopo la maziwa lililokwisha funguliwa.

"Shangazi, mimi sina maziwa," akaniambia. Gauni lilikuwa limemlowa kifuani.

Tuna jirani yetu, mkunga mstaafu, bibi wa maneno machache. Tulimwita. Hakuuliza habari ya chuchu kabisa. Aliagiza maji ya uvuguvugu na kitambaa, akayakanda matiti, akamkamulisha binti kidogo mpaka weusi ukalegea. Akamvua mtoto nguo zote isipokuwa nepi, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akangoja. Mtoto alipoanza kupekua na kufungua mdomo, bibi alilishika titi kwa kidole gumba juu na vinne chini, mbali na weusi, akalibana kidogo lilingane na upana wa mdomo. Pua ya mtoto ikaelekezwa kwenye chuchu ili akitafuta apandishe uso na kupanua kinywa. Alipopanua, akasogezwa titini kwa haraka, kidevu kikitangulia. Mara ya kwanza aliteleza. Ya pili aliteleza. Baadaye mdomo wa chini ukapinduka nje, shavu likajaa, na tukasikia anameza.

"Mwanangu," bibi akamwambia binti, "mtoto hanyonyi chuchu. Mtoto ananyonya titi."

Hiyo si hekima ya mtaani. Ndiyo inayofundishwa kwenye mafunzo ya ushauri wa unyonyeshaji yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 1993: katika kile mtoto anachokivuta na kukirefusha mdomoni, chuchu ni kama theluthi moja tu, kilichobaki ni nyama ya titi. Mafunzo hayo hayo yanaonyesha kazi ya bomba la sindano katika kuitoa chuchu iliyozama. Linachukuliwa bomba jipya la mililita 20, bila sindano. Ncha inayopachikwa sindano inakatwa, mchi unachomolewa na kurudishwa kwa kupitia upande uliokatwa, ili upande laini ambao haujaguswa na kisu ndio ukae kwenye titi. Mama mwenyewe anavuta mchi polepole, chuchu inatoka, anaishikilia kwa nusu dakika mpaka dakika moja, kisha anarudisha mchi kidogo ili kuliachia titi. Akisikia maumivu anapunguza. Anafanya hivyo kabla ya kunyonyesha, mara kadhaa kwa siku, na bomba ni lake peke yake, linaoshwa na haliazimwi. Huko Davangere, India, Dkt. N. Kesaree na wenzake waliandika mwaka huo huo wa 1993 jinsi walivyowasaidia kwa njia hii kina mama wachache waliokuwa na chuchu zilizozama. Bomba lenyewe bei yake haifiki soda.

Sasa niwaulize kwa heshima: mabomba ya sindano si kitu kigeni kwenye zahanati zetu kuanzia Moa hadi Mwera. Kwa nini maarifa haya yawe kwa bibi mstaafu wa Ngamiani, yasiwe kwa muuguzi wa zamu?

3. Kopo linaandikwa na nani?

Sheria tunayo. Dunia ilikubaliana juu ya kanuni za kuzuia uuzaji holela wa maziwa mbadala mwaka 1981, na Tanzania ina kanuni zake tangu 1994, zikaandikwa upya 2013. Haziruhusu mtoa huduma ya afya kuwa mpiga debe wa kopo. Hatua kumi za unyonyeshaji za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, zilizopitiwa upya mwaka 2018, katika hatua ya tano zinataka mama asaidiwe kuanza kunyonyesha na kutatua matatizo ya kawaida. Chuchu bapa ni tatizo la kawaida. Lakini muuguzi anayesema "huna chuchu" halafu akanyamaza amekwisha kumwelekeza mama dukani, hata kama hakutaja jina la kopo.

Kule dukani hesabu ni hii. Kopo la gramu 400 halimalizi wiki kwa mtoto anayekunywa anavyotakiwa. Mke wa mvuvi wa Mwarongo au kibarua wa mkonge hawezi kununua kopo jipya kila baada ya siku nne tano, kwa hiyo anapunguza unga na kuongeza maji. Maji yenyewe ni ya kisima chenye chumvichumvi, au ya dumu lililokaa tangu jana. Chupa inaoshwa kwa maji hayo hayo. Mtoto akianza kuharisha anarudishwa kwenu, na ninyi mnamtundikia dripu na kumwuliza mama yake kwa ukali kwa nini hanyonyeshi.

Na kwa mama anayeishi na VVU shida ni kubwa zaidi. Mmemfundisha vizuri: dawa kila siku, maziwa yake pekee kwa miezi sita, asichanganye. Mtoto akishindwa kushika, chuchu zinachanika, na nyumbani wanaanza kumwongezea kopo kwa siri. Michubuko na kuchanganya vyakula ndiyo yale yale mliyomwonya ayaepuke. Hakuyatafuta. Alikosa mtu wa kumwekea mtoto titini siku ya kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta watoto 59 katika kila 100 walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa 2022 ukakuta 64. Tunapanda, na sehemu ya sifa ni yenu. Katika hao 36 waliobaki wamo watoto wa kina mama walioambiwa hawana chuchu.

4. Msipomweleza ninyi, ataelezwa na wengine.

Mtoto asiyeshika titi vizuri haongezeki uzito. Anakonda, shingo inalegea, analia usiku. Kwenye nyumba zetu za pwani mtoto wa namna hiyo ana jina lake: kabemendwa. Yaani baba au mama hakutulia. Mama ambaye bado anatokwa damu ya uzazi, ambaye hajatoka arobaini, anahojiwa na wakwe usiku alikuwa wapi. Nimeona ndoa ikitikiswa kwa jambo ambalo chanzo chake ni mdomo wa mtoto kukaa sentimita mbili mahali pasipostahili.

Wengine wanasema ni kimeo. Mtoto anapelekwa kwa fundi, kimeo kinakatwa kwa chombo mnachokijua, na wachanga waliovuja damu au kupata maambukizi mnawapokea ninyi. Na wapo bibi wanaomkamua kichanga wa kike matiti siku zile yanapovimba, kwa nia njema kabisa, wakiamini akikua hatakuwa na chuchu zilizozama. Uvimbe ule unatokana na homoni za mama na huisha wenyewe. Kuukamua huweza kuleta jipu, na jipu ndilo linaloacha kovu la kuivuta chuchu ndani. Kinga inageuka kuwa chanzo cha ugonjwa. Sijawahi kusikia jambo hili likisemwa kwenye benchi la kliniki, nami nimekaa kwenye mabenchi hayo mara nyingi.

5. Ushauri uliopitwa na wakati, na wauza mafuta.

Pale ambapo chuchu hutazamwa kabla ya kujifungua, mjamzito huambiwa azivute na kuzisokota kila asubuhi na jioni. Mazoezi ya namna hiyo yalipendekezwa na daktari aitwaye Hoffman mwaka 1953, yakaenea duniani. Yalipopimwa sawasawa, mwaka 1992 nchini Uingereza na tena 1994 kwa wanawake zaidi ya 400 wa Uingereza na Canada, hayakuongeza idadi ya waliofanikiwa kunyonyesha. Vile vikombe vya plastiki vya kuvaa ndani ya sidiria navyo havikusaidia. Katika utafiti wa 1992 walioshauriwa kuvivaa ndio walioelekea zaidi kuacha kunyonyesha. Mjamzito mwenye historia ya uchungu wa mapema hatakiwi kabisa kuzichezea. Kwa hiyo mnamwambia mwanamke achume maumivu kwa miezi mitano, na kila asubuhi ajikumbushe kwamba ana kasoro, kwa faida isiyoonekana.

Pengo mliloliacha limejazwa na wafanyabiashara. Wanauza kwenye simu na kwenye meza za sokoni: mafuta ya kutokeza chuchu, krimu za siku saba, vijipampu visivyo na maelezo. Hakuna mafuta ya kupaka yanayorefusha mirija ya maziwa. Mwanamke ambaye hanyonyeshi na anataka chuchu zitokeze kwa ajili ya kuridhika kwake ana haki hiyo, na asichekwe. Vipo vifaa halali vya kuvuta taratibu kwa hewa, kimojawapo kilibuniwa na daktari wa upasuaji Mwingereza, Douglas McGeorge, katika miaka ya 1990. Upo na upasuaji. Lakini mweleze kabla hajatoa pesa: kwa chuchu zilizofungwa sana upasuaji huenda ukakata mirija ya maziwa, na mirija iliyokatwa ni vigumu kuitegemea tena. Aliye bado na nia ya kuzaa ajue hilo. Zile kofia laini za silikoni za kuvaa wakati wa kunyonyesha zinaweza kumvusha mama siku za mwanzo, kwa sharti awepo mtu wa kumfuatilia kama mtoto anapata maziwa ya kutosha na kumsaidia kuziacha.

6. Moja ambalo halingojei.

Yote niliyosema ni juu ya chuchu zilizokuwa hivyo tangu utotoni, au zilizolala kwa sababu ya uzazi. Chuchu iliyosimama miaka yote, kisha upande mmoja ikaanza kuvutwa ndani, hiyo ni habari nyingine. Ikiwa na uvimbe, ngozi iliyobonyea, upele usiopona au majimaji ya damu, mwanamke asipewe maneno ya kumtuliza. Apewe barua ya rufaa siku hiyo hiyo, kwenda hospitali ya Bombo, KCMC au Ocean Road, apimwe saratani. Mwanamke aliyefundishwa kuona haya juu ya chuchu zake ndiye anayekuja amechelewa.

7. Watu ambao hamjawahi kuwaita.

Kabla muuguzi hajaliona titi la mwanamke, somo wake ameliona. Kwa Wadigo, kwa Wabondei, kwa Wasegeju, kwetu sote wa mwambao huu, mwali anapowekwa ndani yupo mwanamke mzima aliyekaa naye, akamsinga, akamfundisha mwili wake. Wengine katika hao ndio wanaompandikiza mwali hofu ya kwanza kwamba hakukamilika. Nawaambia na masomo wenyewe, kwa kuwa wataisoma au watasomewa: mama zangu, lawama hii ni yenu pia. Mnao muda na mwali ambao hakuna kliniki inao. Mwali aliyeelezwa na somo wake kwamba chuchu zake zimelala kama za mama yake, na kwamba mama yake alinyonyesha, hafiki wodini akitetemeka.

Sasa maombi yangu, nayo ni machache.

Kwanza, kila mjamzito aangaliwe matiti kwa faragha kwenye mahudhurio ya mwanzo, kwa kile kipimo cha vidole viwili, na matokeo yaandikwe kwenye kadi yake, ili muuguzi wa wodi ajue kabla mtoto hajatoka kwamba huyu atahitaji msaada. Asipewe mazoezi ya kuvuta. Apewe maneno ya kumtia moyo, na aambiwe kwa nini.

Pili, kila zamu ya wodi ya wazazi iwe na mtu mmoja aliyefunzwa kumweka mtoto titini, na kazi hiyo iandikwe kwenye orodha ya zamu kwa jina. Isiwe kazi ya "yeyote mwenye nafasi", maana mwenye nafasi hayupo. Mstaafu mmoja wa kulipwa posho angeweza kubeba wodi mbili, na wastaafu hao wako mtaani wanauza maandazi.

Tatu, mama mwenye chuchu zilizozama asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mtoto hajaonekana ananyonya na kumeza, au kabla mama hajajua kukamua na kumnywesha kwa kikombe. Kwa kikombe, nasisitiza. Chupa huweza kuufundisha mdomo wa mtoto njia nyepesi, akarudi titini hataki. Na aambiwe ukweli: yaweza kuchukua wiki moja au mbili kabla mtoto hajazoea. Anayejua kwamba ni wiki mbili atavumilia. Anayedhani ni milele anafungua kopo siku ya tatu.

Nne, arudishwe kuonwa siku ya tatu, au mhudumu wa afya wa jamii ampitie nyumbani. Kina mama wa Moa na Kwale hawawezi kupanda gari hadi mjini na mshono na mtoto mchanga kwa ajili ya swali ambalo mtu mwenye baiskeli angelijibu.

Tano, waiteni masomo. Watafutieni siku moja, ukumbi wa kata, chai na vitumbua, na mkunga anayejua kusema nao bila kuwadharau.

Na sita, ambalo halina gharama yoyote: yale maneno mawili yapigwe marufuku wodini. Kwa waraka, na muhuri.

Mkituambia hakuna fungu, tutaelewa kwa ombi la pili na la nne. Kwa la kwanza na la sita hatutaelewa.

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huanza tarehe 1 Agosti na kuisha tarehe 7. Kila mwaka tunaona fulana, ngoma na mgeni rasmi. Safari hii tengeni siku moja kati ya hizo, milango ya kliniki iwe wazi kwa mwanamke yeyote mwenye swali juu ya chuchu zake, mjamzito au asiye mjamzito, aliyeolewa au msichana, aonwe na mwanamke mwenzake na mlango ufungwe. Majibu yenu kwa maombi haya yabandikeni kwenye ubao wa matangazo wa kila kliniki, kwa herufi kubwa, pale karibu na mzani wa watoto. Ndipo tunaposimama foleni.

Wenu katika kuuguza na kuuguziwa,

Shangazi wa Ngamiani,
Tanga